Mlango Niliomfungia Bi Swafia

Habari ya kifo cha Bi Swafia ilinifikia kwa simu, nikiwa jikoni kwangu Tudor nakatakata vitunguu, na jambo la kwanza nililofanya, kabla hata ya kusema inna lillahi, ni kwenda kuangalia mlango wangu. Nilitoka nje hasa. Nikaukagua mwimo wa kulia, nikaukagua wa kushoto, nikapitisha kidole juu ya rangi ya kijivu, kisu bado ki mkononi. Jirani yangu wa mkabala alikuwa akipanda ngazi na mfuko wa mboga, akaniuliza kama nimeibiwa. Nikamwambia la, natazama tu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mvi zangu nazipaka hina, na mbele za watu hujifanya sijui woga ni kitu gani. Lakini hofu ile ya mlangoni niliipata nikiwa na miaka minane au tisa, na mpaka leo haijanitoka.

Wenzangu mliokulia Mji wa Kale mtawakumbuka watu wa mbu. Ilikuwa miaka ile ambayo mifereji, yaani mabomba ya nyumbani, ilikauka wiki nzima, na kila nyumba ikawa ghala la maji: mapipa, mitungi, ndoo, masufuria makubwa ya harusini yaliyoazimwa yasirudishwe. Waliokuwa na visima vya zamani ndani ya nyumba zao wakavifungua tena. Maji yakatuama kila mahali, na mbu wakaneemeka kuliko sisi. Homa ikaanza kupita nyumba kwa nyumba, na wakubwa wa mji wakaona lazima watu waende ndani ya nyumba kutazama maji. Tatizo likawa moja. Nani atamwacha mwanamume asiyemjua aingie mpaka uwandani, ua wa ndani, wanawake wakiwa wamejifunga leso moja na nywele wazi? Waliotumwa mara ya kwanza walirudishwa na hodi zao, mtaa mzima. Ndipo wakatafutwa wanawake wa mitaani wenyewe, wanaojua kila nyumba ina ngazi ngapi na mama wa nyumba anaitwa nani. Kwetu Kibokoni akachaguliwa Bi Swafia.

Sisi watoto tulimjua Bi Swafia kwa vibibi. Kila asubuhi alikuwa akivipika barazani kwake, vyeupe, laini, na tui juu, na mtoto wake Maimuna ndiye aliyekuwa akivifunga kwenye karatasi. Maimuna alikuwa rafiki yangu. Tulikaa mkeka mmoja chuoni kwa Mwalimu tukisoma Kurani, tulikatana kucha kwa wembe wa babake, na tuling'oka meno ya mbele mwezi mmoja, yeye akiringa kuwa lake lilitoka na damu zaidi. Kisha siku moja vibibi vikakoma. Bi Swafia akaonekana anapita na buibui lake lile lile, lakini mkononi ana kurunzi, daftari, kipande cha chaki, na upawa mweupe wa bati wenye mpini mrefu sana, kama wa kupikia biriani ya majini. Nyuma yake alifuata Katana, kijana mrefu wa upande wa Kilifi aliyeajiriwa mjini, amebeba dumu la mafuta meusi. Harufu ya mafuta yale ilikuwa ikitangulia kuingia kabla ya hodi.

Namna yao ya kufanya kazi ilikuwa hivi. Bi Swafia anaingia peke yake, anachota maji kwa ule upawa, anamulika, anatazama kama mna viluwiluwi, yaani watoto wa mbu wanaocheza ndani ya maji. Akitoka anaandika kwenye daftari, kisha anachora kwenye mwimo wa mlango. Mstari mmoja maana yake maji ni salama. Duara maana yake vimeonekana, na Katana akipita kesho yake ataingia penye duara tu, kutia mafuta au dawa, baada ya wanawake kujistiri. Jambo jepesi, la busara, na wakubwa wote walielezwa. Watoto hatukuelezwa. Sisi tuliona tu kwamba milango yetu inaandikwa, na mtu anayeiandika hacheki tena kama zamani.

Jumamosi moja Maimuna hakuja chuoni. Jumapili hakuja. Jumatatu niliambiwa ana homa, na Jumanne alasiri nilimwona mamangu amesimama katikati ya chumba, ushungi mkononi, hajui auvae au auweke. Maimuna alizikwa jioni ile ile.

Nilipelekwa matangani nikiwa nimeshikwa mkono. Sikulia. Nilikuwa na woga wa ajabu, woga wa kutazama, kwa sababu nilipokuwa navua viatu mlangoni kwao niliinua macho nikaliona: duara la chaki, jipya, kubwa kidogo kuliko kisahani, kwenye mwimo wa mlango wa Bi Swafia mwenyewe. Chaki yake ilikuwa bado inadondosha vumbi. Nikaingia, nikaketi nyuma ya wanawake, na hapo nikasikia nisilopaswa kulisikia. Mwanamke mmoja, ambaye simtaji kwa sababu wajukuu zake ni watu ninaoamkiana nao, alimwinamia mwenziwe akasema, "Mimi nasikia kazi hizi zina kafara yake. Wapewa cheo, kisha waambiwa toa. Na hutoi wa jirani, watoa wako." Mwenziwe akasema, "Nyamaza wee, msibani hapa."  Lakini mimi nilikuwa nimeshakamilisha hesabu.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: Bi Swafia amempa mtu fulani Maimuna, na duara ndiyo hati. Akichora kwako, mna mtu wa kuchukuliwa. Na kwa kuwa ameanza na wake, hatamwonea huruma wa mtu mwingine.

Wiki haikuisha, mzee wa nyumba ya pembeni akafariki, na mlango wake ulikuwa na duara. Mzee yule alikuwa amelala kitandani tangu mimi sijazaliwa, na familia yake ilikuwa imeshanunua sanda mara mbili. Mtoto mwoga haulizi hayo. Wala sikuyahesabu maduara mengine yote, na yalikuwa mengi, ambayo ndani yake watu walikula, walicheka, wakagombana kama kawaida. Nilihesabu mawili tu. Nikawa kila nikienda chuoni napita katikati ya njia, mbali na milango, nikisoma Kulhuwallahu kwa pumzi moja mpaka nitoke mtaani. Nikawa sili vizuri. Mama akanipa dawa ya minyoo.

Nyumbani tulikuwa wanne. Babangu alikuwa Arabuni akifanya kazi, kwa hiyo ni Mama, Nyanya mzaa baba, mimi, na mdogo wangu Abudi, ambaye alikuwa na miaka miwili na mashavu ambayo kila mgeni lazima ayabonyeze. Nilimpenda Abudi kwa wivu. Nilikuwa nikimbeba nyongani mpaka kiuno changu kikapinda, na wanawake wakisema nitakuja kuwa na kibyongo. Nilipoanza kuogopa maduara, sikujiogopea mimi. Nilijua bila kuambiwa kwamba atatakwa aliye mnono.

Siku ya zamu yetu ilifika. Nilikuwa nimekaa ngazini nikimlisha Abudi uji niliposikia sauti yake.

"Hodi humu ndani! Asalaam aleikum. Watu wa mbu. Mupo?"

"Waaleikum salaam, karibu, Bi Swafia, karibu ndani," Mama akajibu kutoka jikoni, na sauti yake ilikuwa na ule upole ambao watu humwekea aliyefiwa.

"Katana yuko nje, usiwe na wasiwasi. Nataka kutazama kisima tu."

"Kile cha chini ya ngazi? Hatunywi maji yake yale, ni ya chumvi. Twaoshea uwanda tu."

"Mbu hajali chumvi, mwanangu. Mfuniko wake nao umeoza, tazama."

Kisima kilikuwa chini ya pale nilipokuwa nimekaa. Niliona kupitia mbao za ngazi jinsi alivyopiga magoti, jinsi upawa ulivyoshuka gizani ukatoka umejaa, na jinsi mwanga wa kurunzi ulivyompiga usoni kutoka chini. Uso ule ulikuwa umekonda. Alitazama ndani ya upawa kwa muda mrefu, midomo ikicheza, na mimi nikaamini kwamba anamtajia mtu jina. Kisha akasimama, akapanda vidato viwili, akaniona. Akaninyoshea mkono lakini haukufika kwangu. Ulifika kwa Abudi. Akalishika shavu lake kwa vidole viwili, akasema, "Mashallah, mashallah. Huyu amejaa."

Uji ulinimwagikia wote mapajani. Alitoka, nikasikia chaki ikikwaruza mbao.

Nilingoja mpaka Mama akaenda kuswali na Nyanya akasinzia. Nikashuka. Duara lilikuwepo, zuri, limechorwa kwa mkono mmoja bila kuinua chaki. Nikachukua pindo la leso ya Nyanya, nikalitemea mate, nikafuta. Nikatemea tena, nikafuta tena, mpaka mbao ikawa na unyevu mweusi. Kesho yake nilikaa dirishani toka asubuhi. Katana alikuja na dumu lake, akasimama mbele ya mlango wetu, akatazama mwimo, akakuna kisogo, akaenda zake nyumba ya pili. Nilijiona nimemshinda Malaika wa Mauti mwenyewe. Siku ile nilikula sahani mbili za wali.

Sitaki kuyarefusha yaliyofuata, kwa kuwa mnayajua. Zilipita kama wiki mbili, na Abudi akaanza homa. Siku ya kwanza alikuwa mchovu tu, analalia bega langu. Siku ya pili Mama alimnunulia vidonge, vile vichungu vilivyokuwa vikimfanya mtu ajikune mwili mzima, akamsagia kwenye maji ya sukari, akavitapika vyote. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, Mama alitoka mbio kwenda kutafuta dawa ya maji, akatuacha mimi na Nyanya. Nilikuwa nampepea Abudi kwa kipepeo cha ukili. Akanyoosha miguu. Nilidhani anajinyoosha. Kisha mgongo wake ukainuka godoroni, macho yakageuka yakawa meupe matupu, meno yakakazana, na mikono yake midogo ikawa inapiga kitanda kwa kishindo ambacho sikudhani mtoto yule ana nguvu za kukitoa.

"Degedege!" Nyanya akapiga kelele. "Ya Rabbi, degedege limemwingia mwanangu! Leta ubani! La, kimbia, kamwite Mwalimu aje amsomee. Kimbia!"

Nilishuka ngazi sijui kwa miguu au kwa makalio. Nilipofika mlangoni, mkono wangu uko kwenye komeo, nikasikia upande wa pili:

"Hodi humu ndani."

Nilikuwa nimelivuta komeo nusu. Nikalirudisha. Nikalisukuma mpaka mwisho, nikageuza mgongo, nikauegemea mlango kwa nguvu zangu zote, kama kwamba mifupa yangu ile ndiyo itakayomzuia. Ilinijia wazi kabisa. Nilifuta hati, lakini hati ilikuwa imeshasomwa, na sasa mwenyewe amekuja kuchukua chake. Huko juu Nyanya alikuwa akilia akilitaja jina la Abudi, na dirisha lilikuwa wazi.

"Nani hapo mlangoni? Ni wewe, mwanangu?" Bi Swafia akauliza. "Mbona Nyanyako alia? Fungua."

"Mama hayuko."

"Abudi ana n'ni?"

 Alivyolijua jina la Abudi pale pale, nilijikojolea. Nalisema wazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Mwanangu, fungua mlango. Yuwaumwa? Amekaza mwili? Nambie!"

"Hutamchukua!" nikapiga ukelele. "Mimi nimeshalifuta! Humchukui!"

"Nimchukue nimpeleke wapi?"

"Ulikompeleka Maimuna!"

 Nilisikia pumzi yake tu, karibu sana, kwenye ufa baina ya mbao mbili za mlango, nikasikia pia Katana akisema kwa sauti ya chini, "Mama, nipige teke?" na yeye akamjibu, "Utamwumiza mtoto. Rudi nyuma." Kisha miguu ikasogea. Sauti yake ikaja tena, sasa kutoka mbali, ng'ambo ya njia.

"Nitazame. Nitazame ufani hapo."

Nikageuka nikatazama. Bi Swafia alikuwa amesimama ameegemea ukuta wa nyumba ya pili. Katikati ya njia alikuwa ameweka chini vitu vyake vyote, upawa, kurunzi, daftari, chaki, na mikono ameiinua mitupu, viganja vikinielekea. Watu wawili watatu walikuwa wamesimama kumshangaa.

"Mimi simgusi," akasema. "Naapa kwa aliyeniumba, simgusi mpaka wewe mwenyewe unipe ruhusa. Katana ndiye atakayembeba. Maimuna alikaza mwili asubuhi, mwanangu, nami nikangoja. Nikafukiza, nikasomewa, nikangoja mpaka alasiri. Wewe usingoje."

Ningependa kuwaambieni kwamba nilimwamini. Sikumwamini. Kilichonifungulisha mlango ni kwamba huko juu Nyanya aliacha ghafla kulia, na kimya kile kilinitisha kuliko Bi Swafia. Nikalivuta komeo.

Katana akaruka mpaka kizingitini, akasimama. Hata saa ile! Miaka ya kuambiwa hapa usipite ilimkamata miguu. "Hodi," akasema.  "Hodi wenyewe!"

"Ingia, Katana!" Bi Swafia akapiga kelele kutoka ng'ambo. "Leo hakuna hodi!"

Akapanda ngazi vidato vitatu vitatu. Nyanya alikuwa kitandani, kichwa wazi, nywele zake nyeupe mabegani, Abudi kifuani akiwa amelegea na povu mdomoni. Alipomwona mwanamume chumbani hakujifunika hata kidogo. Alimkumbatia mtoto akamgeuzia Katana mgongo. "Hamwendi naye hospitali! Mtoto wa degedege hadungwi sindano! Akidungwa hufa!" Ndivyo walivyoamini wazee wengi wakati ule, na hawakuamini kwa ukaidi bali kwa sababu watoto waliofikishwa hospitali walifikishwa wakiwa wameshamalizika.

Bi Swafia alikuwa amekuja nyuma yetu, amesimama mlangoni pa chumba, mikono ameificha ndani ya buibui.

"Mama," akamwambia Nyanya taratibu, "wangu hakudungwa."

Nyanya akamtazama. Kisha mikono yake ikaachia.

Tulitoka mbio, Katana mbele na Abudi begani, mimi nimekishika kisigino cha Abudi miguu mitupu, Bi Swafia akikimbia kandoni akiwasukuma watu watupishe. Barabarani tukaingia teksi. Njia nzima Abudi alilala mapajani mwa Katana, na kichwa chake kilikuwa kikiyumba kila gari likipinda kona. Bi Swafia alikuwa pembeni yake, ubavu kwa ubavu, na hakukishika. Aliikalia mikono yake. Niliona. Mimi ndiye niliyekuwa nikimchunga, na alijua kuwa namchunga, na hakuvunja kiapo chake.

Hospitalini walimdunga sindano, wakamwekea dripu ya kwinini kwenye mkono mdogo uliofungwa kigongo ili usikunjike. Mama alitukuta huko, buibui limegeuka nyuma mbele, na alipiga magoti sakafuni asiinuke mpaka muuguzi alipomwinua. Siku mbili Abudi hakutujua. Siku mbili nilikaa chini ya kitanda kile na hofu iliyokuwa imebadilika sura, kwa maana nilianza kumsikia daktari na Mama wakizungumza, kisima, mbu, kisima, na kidogo kidogo nikaanza kuelewa Katana alikuwa amekuja kwetu kufanya nini siku ile aliyokuna kisogo. Siku ya tatu Abudi alifungua macho akalia anataka maji. Mama alikuwa ameitwa nje. Kikombe kilikuwa karibu na mkono wa Bi Swafia, aliyekuwa amekuja kumtazama. Alikishika, kisha akasita, akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa kukubali. Ndipo alipomwinua Abudi shingo akamnywesha.

Bi Swafia alikuja nyumbani wiki iliyofuata, Abudi akiwa amerudi, mwembamba, mkali, hataki mtu amweke chini. Mama alimbusu mikono. Nyanya alimtolea kahawa. Bi Swafia akasema amekuja kazini, na akaomba niteremke naye kisimani. Katana akabaki barazani na dumu lake.

Chini ya ngazi mlikuwa na giza hata mchana. Alikalia ukingo wa kisima. "Daftari langu lasema duara," akaniambia, "na Katana asema hakuliona. Ndiyo sababu nilikuja siku ile, kutazama kuna n'ni."

"Ni mimi niliyelifuta."

"Najua. Ulinambia mwenyewe mlangoni."

Nilikuwa nimesahau. Nikaanza kulia, na katika kulia kule likanitoka swali ambalo hata leo, mtu mzima, nikilikumbuka nafunika uso. Nilimwuliza, "Bi Swafia, Maimuna ulimtoa?"

Hakuniuliza nani aliyeniambia. Pengine alikuwa amelisikia zamani. Alikaa akiupangusa upawa kwa pindo la buibui, ingawa haukuwa na kitu.

"Siku tulopewa vyombo," akasema, "twaliambiwa kila mtu aanze nyumbani kwake. Mimi kwangu nakujua, nafagia mara tatu, nikasema kwangu hakuna taka, haina haja. Nikaanza kwa watu. Nyumba kwa nyumba, mpaka nikaumaliza upande wangu wa mtaa. Kwangu nikaja mwisho, na Maimuna yuko ndani ana homa. Mtungi wa kuoshea vyombo vya vibibi, ule wa nyuma, viluwiluwi vilikuwa vimejaa. Nikatoka nikajichorea duara langu." Akauweka upawa magotini. "Sikumtoa, mwanangu. Nalimchelewea."

Sijawahi kumwambia Abudi kwamba mimi ndiye niliyelifuta. Ni mwanamume mwenye ndevu sasa, na kila Idi hunibeba juu mbele za watoto wangu kunidhihaki. Najua pia kwamba mbu haulizi nyumba, huenda alimwuma kwa jirani, huenda alimwuma kabla. Hayo ni ya watu wazima na hayajanisaidia. Bi Swafia hakuniambia nisijali, wala hakuniambia si kosa langu. Alinipa kurunzi.

"Mulika," akasema.

Nikamulika. Akapiga magoti, akateremsha upawa, akautoa umejaa, akanisogezea nitazame. Nilikuwa nimejitayarisha kuona jambo la kutisha. Ndani ya weupe ule mlikuwa na vinyuzi vidogo, kama vipande vya uzi mweusi, vinajikunja na kujinyoosha, vinapanda juu kuvuta pumzi, vinashuka. Ningeweza kuvifunika vyote kwa kiganja. Niliogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa yeye, nikamsogelea mpaka bega langu likagusa lake.

Akaanza kuvihesabu kwa sauti, maana daftari lilitaka idadi. Midomo yake ilicheza vile vile kama mara ya kwanza, na sasa nikasikia ni nini alichokuwa akikisema. Moja, mbili, tatu. Akafika kumi na moja, akanyamaza. Nikadhani amemaliza. Akajifuta uso kwa mkono wa buibui, akausogeza upawa karibu na mwanga, akaanza tena toka moja.